Pale Mlipoweka Kicheko

Katika chumba cha waandishi kulikuwa na viti saba, na kimoja kilikuwa kibovu. Mguu wake wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko mingine, kwa hiyo aliyekikalia alipepesuka kila alipocheka, na kwa watu wanaokula kwa kuchekesha hiyo ilikuwa adhabu hasa. Sheria ilikuwa hivi: kila Jumatatu asubuhi kila mwandishi alete visa vitatu vipya. Kisa kikiwa kilishawahi kutumika, mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha aligonga meza kwa kalamu. Ukigongewa mara tatu, kiti kibovu ni chako mpaka Jumatatu nyingine.

Mgonga meza huyo walimwita Kumbukumbu. Alikuwa kwenye kipindi hicho tangu siku ya kwanza, miaka kumi na minne nyuma, na kichwani mwake hakikupotea kitu.

"Mume amefukuzwa kazi, anamficha mkewe," mmoja alianza.

Ko.

"Msimu wa pili. Alikuwa anashinda kwenye duka la majeneza."

"Basi mke ndiye amefukuzwa."

Ko. "Msimu wa tano."

"Haya, wote wawili wamefukuzwa, kila mmoja anamficha mwenzake, halafu wanakutana bustanini saa nne asubuhi..."

Ko. "Hiyo ilikuwa nzuri sana. Niliiandika mimi."

Aliyekuwa kwenye kiti kibovu kwa wiki ya tatu mfululizo ni mwanamke waliyemwita Daftari, kwa sababu hakuachana na kidaftari chake cha jalada la buluu hata akiwa msibani. Alikuwa mtoto wa mwisho wa fundi kufuli, mwenye miaka thelathini na nane. Walimwajiri kwa ulimi wake mwepesi. Siku hizi ulimi ulikuwa pale pale, ila haukuwa na cha kusema.

Asubuhi hiyo Mtayarishaji aliingia na kipande cha gazeti. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, asiyemwogopa mtu isipokuwa wakubwa wa ghorofa ya juu. Akakibandika ukutani na kukisoma kwa sauti: "'Vichekesho vya televisheni vimekwisha. Tunacholishwa ni kiporo kilichopashwa mara nyingi mpaka kimeshika sufuria.' Wakubwa wamesoma. Wametuachia vipindi sita tu. Visipochekesha, nafasi yetu wanawapa watu wa mapishi."

"Maneno hayo hayo waliyaandika msimu wa tatu," alisema Kumbukumbu. "Hata kutusema, wanatusema kwa kiporo."

Watu walicheka. Mtayarishaji hakucheka.

"Vichekesho havijaisha. Dunia imejaa vichekesho, mlioisha ni nyinyi. Mnashinda humu mnatazamana kama kuku kwenye tenga. Nani kati yenu ameona kitu kwa macho yake mwenyewe, kitu ambacho hakijapita kwenye kioo cha televisheni? Wewe Daftari! Hilo daftari lako limejaa nini, orodha ya nyanya?"

Daftari alipepesuka. Alishika meza asianguke, na wakati anashika meza, maneno yakamtoka.

"Yupo mzee mmoja," alisema. "Mkewe alikufa. Lakini kila asubuhi anatenga vikombe viwili vya chai, halafu anagombana naye."

Wote wakaitazama kalamu ya Kumbukumbu. Ilikuwa imeinuka. Ikakaa hewani kidogo, kisha ikalazwa juu ya meza polepole, bila kugonga.

"Wanagombania nini?" aliuliza Kumbukumbu.

"Sukari. Marehemu anadai anamwekea nyingi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mtayarishaji mwenyewe akashika mbavu. Daftari akaendelea. Kadiri walivyocheka ndivyo alivyozidi kutoa: jinsi mzee anavyoinamisha kichwa akikaripiwa, jinsi anavyosema "haya, haya, nimesikia" huku akikoroga, jinsi anavyojifuta mdomo haraka kana kwamba kuna mtu anamtazama. Alitoa vyote kama mtu anayemwaga mfuko wa nguo mnadani. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshahamishiwa kiti kizuri.

"Mzee mwenyewe unamjua wapi?" Mtayarishaji alimuuliza.

"Jirani," alisema Daftari. "Jirani tu."

*

Mama yake Daftari alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo. Baba alibaki kwenye nyumba ile ile na dada mkubwa, aliyekuwa muuguzi. Kufuli zake alizitengenezea barazani, kwenye meza yenye jiliwa la kubania vyuma na makopo ya funguo zisizo na wenyewe. Wiki chache baada ya mazishi, dada alimsikia jikoni anazungumza. Alimpeleka kwa daktari. Daktari alimuuliza mzee kama anajua mkewe yuko wapi.

"Amekufa," baba alijibu. "Mimi ndiye niliyemzika. Kwani kufa na kunyamaza ni kitu kimoja?"

Daktari alicheka kidogo, akasema waachane naye, mzee hana ugonjwa.

Basi ikawa desturi ya nyumba. Asubuhi, vikombe viwili. Baba alisema neno, kisha akasubiri. Kila alipouliza, alisubiri kwa muda ule ule ambao jibu lingechukua. Jibu fupi, alisubiri kidogo. Likiwa refu, aliweka kijiko chini na kutazama meza, na ungeweza kujua kwamba mama alikuwa amefika kwenye habari za shemeji yake. Mara nyingine, katikati ya kimya hicho, baba alicheka mwenyewe kwa jambo aliloambiwa.

Daftari aliyajua haya kwa sababu kila alipolala kwao aliamka mapema, akavua viatu, akasimama kwenye korido na kuandika. Alijiambia anaandika ili asimsahau mama. Pengine mwanzoni ilikuwa kweli.

Katika hadithi ya televisheni alibadilisha mambo. Fundi kufuli akawa fundi cherehani. Vikombe vya chai vikawa bakuli mbili za uji na vijiko vyake. Mzee akaitwa Mzee Vijiko, na kuigizwa na kijana mmoja mwembamba aliyepakwa unga kwenye nywele. Daftari alijituliza kwamba hata Mungu asingemtambua mwenye kisa, sembuse mwenye kisa mwenyewe.

Tatizo lilikuwa ule muda wa kusubiri. Kijana aliigiza vizuri, aliuliza na kusubiri kama alivyoelekezwa, lakini walipotazama picha Mtayarishaji alitikisa kichwa.

"Kimya kwenye televisheni ni shimo, jamani. Mtu akitumbukia humo anabadilisha stesheni. Jazeni."

Fundi wa sauti alikuwa na vicheko vilivyorekodiwa zamani, amevipanga kwa ukubwa: cha pua, cha wastani, cha mbavu. Alitaka kujua tu aviweke wapi. Daftari alichukua kalamu nyekundu, akapitia kurasa zake, na kila palipoandikwa "anasubiri" alikata na kuandika juu yake: KICHEKO. Palikuwa na sehemu kumi na moja. Alimaliza kabla chai yake haijapoa.

*

Mzee Vijiko aliwika. Kipindi cha pili kilipopita, watu mitaani walikuwa wameshaanza kuambiana "haya, haya, nimesikia". Wake waliwaambia waume, makondakta wakawaambia abiria, mwalimu mmoja akaambiwa na darasa zima. Gazeti lile lile likaandika kwamba hatimaye kumepatikana kitu kibichi. Mtayarishaji alikibandika kipande hicho juu ya kile cha kwanza, na wakubwa wakaongeza vipindi ishirini.

Baba alikuwa mtazamaji mwaminifu kuliko wote. Kila Alhamisi jioni alinawa grisi mikononi, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa mbele ya televisheni mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni majina yalipita. "Tulieni," aliwaambia majirani waliokuja kutazama. "Sasa hivi jina la mwanangu linapita."

Alhamisi ya kwanza ya Mzee Vijiko, Daftari hakwenda nyumbani. Alisema kazi zimembana. Baba alipiga simu kipindi kilipokwisha.

"Nimeona jina lako," alisema.

"Ahsante, baba. Kipindi umekionaje?"

"Nimeona jina lako," alirudia baba, na akaaga.

Daftari aliyachukua maneno hayo kama mtu anayepokea noti bila kuigeuza upande wa pili. Alhamisi ya pili pia alibanwa na kazi. Na ya tatu. Ilikuwa wiki ya sita dada mkubwa alipompigia, mchana, wakati chumba cha waandishi kinamwimbia Mtayarishaji kwa siku yake ya kuzaliwa.

"Mdogo wangu, baba amenyamaza."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anakula, anakwenda barazani, anagonga kufuli zake. Lakini jikoni hasemi. Kikombe anatenga kimoja. Wiki ya tatu sasa. Nilidhani atarudi mwenyewe, ndiyo maana sikukwambia."

Daftari alitoka koridoni na simu yake. "Kuna mtu amemuudhi?"

"Unaniuliza mimi? Na juzi, juu ya hayo, alikwenda dukani kununua sukari. Muuzaji akamwambia chenji hana, asubiri. Baba akamjibu kama anavyojibu siku zote, haya, haya, nimesikia. Duka zima likacheka. Muuzaji anamwambia, 'Aa mzee, hata wewe umeanza kuiga televisheni!' Baba aliiacha sukari kaunta akarudi nyumbani. Maneno yake mwenyewe, mdogo wangu. Miaka yote ile. Sasa anaambiwa ameiga."

Nyuma ya mlango wenzake walikuwa wamefika kwenye kupiga makofi.

*

Alimkuta baba barazani, miwani kwenye ncha ya pua, amebana kufuli kubwa la geti kwenye jiliwa. Daftari aliamkia, akaitikiwa. Akavuta kigoda. Kwa muda baba alipuliza vumbi la chuma na kuendelea na tupa.

"Yule kijana anaigiza vizuri," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Mabega ameyapata. Sijui aliyaona wapi."

"Baba, nisamehe."

"Kwa nini? Umefanya kazi yako. Mimi nikipewa kufuli nalifungua, siulizi ndani ya chumba kuna nini." Akageuza ufunguo, ukagoma, akautoa. "Hata kuchekwa si neno. Mtu anayeongea na kikombe anachekesha. Mama yako mwenyewe angecheka."

Daftari akashusha pumzi. Alidhani amesamehewa.

"Lakini kuna jambo nataka nikuulize, kwa kuwa wewe ndiye unayejua mambo ya huko," baba aliendelea. "Mama yako nilipomuuliza neno, nilikuwa namsubiri ajibu. Sisikii sauti, mimi sina wazimu. Ila tuliishi miaka arobaini na moja. Najua atasema nini, na najua itamchukua muda gani kulisema. Kwa hiyo nilikuwa nampa muda wake. Sasa nikimpa muda wake, wanacheka."

"Nani, baba?"

"Watu wenu. Wale wasioonekana. Nasema neno, nanyamaza nimsikilize, na humo ndani ya kimya wanaingia wao. Hahaha. Nimejaribu kuanza upya. Nimejaribu asubuhi sana, kabla hata jogoo. Wapo." Aliweka tupa chini. "Pale mlipoweka kicheko, ndipo mama yako alipokuwa anasema. Nani aliyekiweka pale?"

Daftari alilitazama kufuli. Matundu yake mawili ya parafujo yalimtazama kama macho.

"Fundi wa sauti," alisema.

Baba alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayesikia kosa la fundi mwenziwe. "Basi umwambie. Taratibu tu, usimgombeze. Mwambie hapakuwa patupu."

*

Jumatatu iliyofuata, zamu yake ya kutoa visa ilipofika, Daftari alisema, "Nataka Mzee Vijiko aondoke."

"Aende wapi?" Mtayarishaji alicheka. "Mzee ndiye anayetulisha. Amekukosea nini maskini?"

"Si jirani. Ni baba yangu."

Mmoja aliyekuwa anatafuna karanga aliacha kutafuna. Mtayarishaji alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo kuliko walivyowahi kuisikia.

"Mama, pole. Ungesema mapema. Jina lako naweza kuliondoa, ukitaka hata leo. Mzee siwezi kukurudishia. Ameshakuwa wa watu."

Walipotoka kwenda kunywa chai, Kumbukumbu alibaki. Alikuwa anaichezesha kalamu yake vidoleni.

"Hiyo nayo ilishafanyika," alisema. Hakugonga meza. "Msimu wa kwanza. Unamkumbuka yule bibi aliyekuwa anahesabu ngazi kwa sauti, akikosea anarudi chini kuanza upya? Alikuwa mama yangu. Macho yalikuwa yamekwisha, zile namba ndizo zilikuwa fimbo yake."

"Alisemaje alipojiona?"

"Hakusema kitu. Aliacha kuhesabu kwa sauti." Kumbukumbu alisimama na kukunja kipande cha gazeti kilichokuwa kimebanduka ukutani. "Wanasema mawazo mapya yamekwisha. Hayajaisha, dada yangu. Yako majumbani kwetu. Ndiyo maana mimi nagonga meza haraka. Afadhali kiporo."

Daftari alitaka kumuuliza kama mama yake alianguka. Uso wa mzee ulikuwa umeshamjibu.

Jina la Daftari likaondolewa. Alhamisi hiyo, dada alimsimulia, baba alikaa mbele ya televisheni na fulana yake ya kazini, akatazama majina yakipita mpaka kioo kikawa cheusi, kisha akaomba aelekezwe jinsi ya kuing'oa ile waya ya televisheni ukutani bila kuharibu rangi.

*

Asubuhi moja Daftari alifika nyumbani kwao kabla watu hawajaamka. Alikuwa na ufunguo wake mwenyewe, aliochongewa na baba alipokuwa darasa la sita. Alichemsha chai. Akatenga vikombe viwili, cha baba chenye ufa na cha mama chenye mstari wa kijani. Kidaftari cha buluu alikuwa amekiacha kwake: alikitupa kwenye pipa la taka, akakiokota, akakitupa tena. Akaketi mahali pa baba.

Aliona aibu hata kufungua mdomo. Mtu mzima, anaongea na kikombe. Kisha akafikiri kwamba hiyo ndiyo aibu aliyompa baba yake aibebe mbele ya nchi nzima, na akaanza.

"Mama," alisema. "Nilisema wewe na baba ni majirani."

Chai ilitoa mvuke. Nyuma yake, kwenye korido, ubao wa sakafu ulilia kidogo chini ya uzito wa mtu aliyesimama bila viatu. Hakugeuka.

"Nilisimama pale na kuandika maneno yenu kama mwizi. Na kile kicheko si fundi wa sauti aliyekiweka. Baba aliniuliza, nikamsingizia mtu. Ni mimi. Nilikiweka kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu, mara kumi na moja. Sikujua kuwa..." Akakosa maneno. Kwa sababu alijua. Alisimama koridoni miezi na miezi, alijua kuliko mtu yeyote kwamba pale hapakuwa patupu. "Nilijua, mama. Nisamehe."

Akanyamaza. Alihesabu pumzi mbili, tatu. Kimya kilimwelemea, akasikia aibu inapanda shingoni, na kama watu wote wa kazi yake akataka kukijaza haraka.

"Lakini nita..."

"Ngoja," alisema baba mlangoni. "Hajamaliza."

Daftari alifunga mdomo. Baba aliingia taratibu, akavuta kiti kingine, si chake, akaketi pembeni kati ya binti yake na kile kikombe cha mstari wa kijani. Aliinamisha kichwa. Ilikuwa ni ile namna ya kuinamisha ambayo kijana wa unga kwenye nywele aliipata kwa mabega tu. Walisubiri. Nje, mtu alipita anaburuta mkokoteni, sauti ikaja, ikapungua, ikaisha. Baba bado alikuwa anasikiliza. Mara moja uso wake ulikunjamana, kama mtu aliyesikia purukushani kwa mbali, na Daftari akajua wale wasioonekana wameingia. Baba hakuinuka. Aliwasubiri nao wamalize.

Ilichukua muda mrefu sana. Kisha mzee akatikisa kichwa, akavuta kikombe chake chenye ufa kutoka mbele ya binti yake, na kukoroga.

"Haya, haya," alisema. "Nimesikia."

Daftari alisubiri mpaka alipokuwa na hakika kwamba zamu hiyo imepita. "Amesema nini, baba?"

Baba alimtazama, bila hasira, kwa jicho lile la kupima ambalo alimtazamia mteja aliyeleta kufuli la nyumba isiyo yake.

"Ya nini kukwambia?" alisema. "Ukaandike?"

Akageukia chai yake. Daftari aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja juu, mahali ambapo baba angeweza kuona kwamba haijashika kitu, na akaiacha hapo mpaka chai ya mama ilipopoa.